Kamati ya Kumwona Naliaka

Kui alinikuta Jumatatu asubuhi nikiwa chini ya gari la mtu. Mimi ni fundi wa egzosi, yale mabomba ya moshi ya magari, hapa mtaani Baba Dogo, na saa hiyo nilikuwa nalegeza nati iliyoshikana kwa kutu. Akanigonga kiatu.

"Uncle Wafula, toka huko kidogo. Niko na neno."

"Sema. Masikio hayajafunikwa."

"Picha ya Kukhu imeisha. Imetundikwa."

Nikatoka.

Kui ni binti wa jirani yetu Kimani. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu ya Kibukusu, na watoto wote wa ploti yetu, hata Wakikuyu kama Kui, walimwita mama yangu hivyo. Jina lake lilikuwa Selina Naliaka. Alikuwa akinunua mitungi mitupu kutoka viwandani, anaisugua kwa mchanga na sabuni nje ya geti letu, halafu anaiuza. Kui alikua akikaa karibu naye akichora kwa makaa ukutani, na mama yangu alikuwa akimtukana kwa kuchafua ukuta na kumpa chai. Siku hizi Kui ni mchoraji wa kweli. Amehamia upande mwingine wa mji.

Mama alikufa miaka miwili iliyopita. Hakupenda kupigwa picha hata siku moja. Ukimwelekezea simu anakurushia maji ya povu. Kwa hiyo alipokufa hatukuwa na chochote isipokuwa picha ya kitambulisho. Tuliikuza kwa ajili ya mazishi mpaka uso ukawa kama dirisha lenye ukungu. Iliwekwa juu ya jeneza, na baba yangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyu ni nani?"

Sasa Kui ananiambia kuna picha yake kubwa ya rangi katika jumba la sanaa mjini, yenye uso, iliyochorwa kutoka michoro ambayo Kui alimchora mama akiwa hai, bila mama mwenyewe kujua.

"Iko mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na nane," akasema. "Kuingia ni bure. Saa nne mpaka saa kumi na moja, kila siku isipokuwa Jumapili. Mlete Kuka. Siku yoyote. Mkifika mnipigie, nitakuja kuwapokea mlangoni."

Kuka ni babu. Alimaanisha baba yangu, mzee Nalianya. Na Kui alijua habari ya macho yake, ndiyo maana alisema siku yoyote.

Mzee ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikufa mwaka jana. La kushoto daktari alituambia mwezi wa kwanza kwamba kinachopotea hakirudi, dawa ya matone inachelewesha tu, na inaweza kuwa miezi au wiki. Mzee mwenyewe aliniambia anaona kama anachungulia ndani ya paipu, na paipu inazidi kuwa nyembamba.

Nilimwambia jioni hiyo, amekaa nje ya mlango wake.

"Kuna uso?" akauliza.

"Kui anasema kuna uso."

"Basi nipeleke kabla paipu haijaziba, Wafula. Nimeanza kumsahau. Usiku namtafuta, napata ile takataka ya kitambulisho."

Hiyo ilikuwa tarehe mbili. Jumanne ningeweza kumpeleka. Ni basi moja na kutembea kidogo. Sikumpeleka, na nitasema kwa nini, maana hakuna faida ya kujificha.

Niliogopa. Nimewahi kupita nje ya majumba kama hayo. Kioo kila mahali, askari mlangoni, watu waliovaa nguo za kawaida lakini unajua si za kawaida. Mimi niliacha shule darasa la sita. Mikono yangu ina weusi usiotoka hata kwa petroli. Nikajiona nimesimama pale na kipofu wangu, askari ananiuliza nataka nini, na mimi nashindwa kusema. Nikawaza nikienda na watu nitakuwa mgeni, nikienda peke yangu nitakuwa mshukiwa. Kwa hiyo nikamwambia Wathome.

Wathome ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya ploti zetu. Mtu akifa hapa, kesho yake kamati imekaa. Wamesafirisha maiti mpaka Bungoma, Siaya, Machakos, Murang'a. Wanajua mambo ya basi, chai ya njiani, utepe wa kifuani, programu iliyochapishwa, nani azungumze na nani azuiwe kuzungumza. Hakuna watu wengine mtaani wanaojua kutoa kundi la watu hapa na kulifikisha kule. Wathome aliendesha lori miaka thelathini, na bado anaongea kana kwamba injini inawaka.

"Baba Mourine!" akanipigia kelele, kwa jina la binti yangu. "Hilo si jambo la kwenda kimyakimya kama mwizi! Naliaka alikuwa wetu sisi sote. Niachie mimi."

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilirudi yadini kazini nikipiga mluzi.

Kikao cha kwanza kilikuwa Jumatano jioni, kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee alikuja amevaa koti lake. Watu zaidi ya thelathini. Wakaomba, wakakaa, na Wathome akasimama.

"Ndugu na dada, tumekutana kupanga jinsi tutakavyokwenda kuutazama mwili wa..."

"Picha, mwenyekiti," akasema Naftaly, katibu, kijana anayepangilia kila kitu kwenye simu.

"Picha. Nilisema nini? Kutazama kunaanza saa ngapi?"

"Saa nne wanafungua."

"Familia itangulie, halafu wanakamati, halafu umma. Mstari mmoja, kushoto kwenda kulia. Nani anasoma historia ya marehemu?"

"Ilisomwa siku ya mazishi," nikasema.

"Ilisomwa kule kijijini. Watu wa mjini hawakuisikia."

Njoki, anayesimamia chakula katika kila msiba, akauliza kama huko kuna mahali pa kuwasha jiko. Oketch akauliza kama kuna tenti. Mtu akauliza rangi ya utepe, na hapo tukapoteza nusu saa.

"Mweusi hapana," Njoki akasema. "Hakuna aliyekufa."

"Si Naliaka amekufa?"

"Amekufa zamani! Kwani unaweza kufiwa mara mbili na mtu mmoja?"

"Zambarau basi."

"Zambarau ni ya wajane. Unataka mzee avae ya wajane?"

"Kwani yeye ni bwana harusi?"

Watu wakacheka, na mzee akacheka pia. Nilimwona anageuza kichwa chake huku na huku kumtafuta anayeongea, kama kuku anayetafuta punje. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, jicho la mzee halingoji. Hatuwezi kwenda Jumamosi hii?"

"Siku tatu?" Wathome akashangaa. "Baba Mourine, kuna jambo gani la maana linalopangwa kwa siku tatu?"

Ikaamuliwa Jumamosi ya tarehe kumi na nne, kwa basi la kanisa. Kukatengenezwa kundi la WhatsApp lenye picha ile ile ya kitambulisho.

Nilipopita dukani kwa Idil kununua sigara, alikuwa amekwisha kusikia kila kitu. Idil anatuuzia vitu tangu mimi sijaoa, na hajawahi kuninyima ukweli.

"Wafula, huko mjini kuna nini? Vita?"

"Tunapanga vizuri."

"Sisi Waislamu maiti yenyewe tunaizika siku hiyo hiyo. Nyinyi hata picha mnaiwekea kamati." Akanipa sigara. "Mshike mzee mkono, mpande basi, mwende. Unaogopa nani?"

"Siogopi mtu."

"Haya," akasema, akaendelea kupanga sabuni.

Naftaly aliandika barua kwa lile jumba, yenye mhuri wa kamati, akiomba ruhusa ya maombi, nyimbo mbili na kipaza sauti. Majibu yalikuja kwa adabu. Karibuni sana. Waingie watu kumi na watano kwa mara moja. Hakuna kuimba, hakuna chakula, hakuna kipaza sauti.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hakuna aliyejali kuhusu nyimbo, watu waligombania kuwa katika wale kumi na watano wa kwanza. Baba yangu mdogo, Nyongesa, alikuja kutoka Dandora na karatasi yenye majina. Alitaka nafasi nne za nyumba yake.

"Mimi ndiye niliyeshika kamba ya jeneza upande wa kichwa," akasema. "Leo niingie na kundi la pili, nyuma ya Mkamba?"

"Mkamba ndiye mwenyekiti," Wathome akamjibu.

"Mwenyekiti wa picha ya shemeji yangu?"

Vikao viwili viliishia kwenye orodha hiyo. Katikati, Jumanne ya tarehe kumi, jirani yetu Otiende akaanguka akichota maji na kufa. Sasa kamati ilikuwa na kazi yake halisi. Basi la kanisa likaenda Siaya kumzika siku ile ile tuliyokuwa tuende mjini. Siwezi kulaumu mtu kwa hilo. Safari yetu ikasogezwa mpaka tarehe ishirini na moja. Halafu ikajulikana basi siku hiyo limechukuliwa na kwaya. Ikasogezwa mpaka ishirini na nane.

"Ndiyo siku ya mwisho," nikawaambia.

"Ya mwisho si ndiyo kubwa?" akasema Wathome. "Hata mazishi, watu hungoja ile siku yenyewe."

Mzee alikuja kwenye kila kikao na koti lake. Wiki ya kwanza alikuwa bado anamimina chai mwenyewe. Wiki ya pili aliimimina pembeni ya kikombe na kuniangalia kama mimi ndiye niliyekisogeza. Wiki ya tatu, Mourine alisimama mbele yake akimpa sahani, mzee akasema, "Nani huyo?" Mtoto akasema, "Kuka, ni mimi," akaenda kulia jikoni.

Usiku huo sikulala. Asubuhi, Alhamisi ya tarehe kumi na tisa, sikwenda yadini. Nikamwambia mzee avae. Hakuuliza tunakwenda wapi. Alivaa shati jeupe na koti, nikamfunga kamba za viatu, tukatoka. Ilikuwa saa tatu. Jua zuri.

Getini tukakutana na Nyongesa anaingia, pamoja na Njoki.

"Mmevaa hivi mnaenda wapi?" Njoki akauliza.

Ningeweza kusema kliniki. Mimi si mwongo mzuri. "Mjini. Kuona ile picha."

Nyongesa akasimama katikati ya njia. "Wewe unamficha kaka yangu? Watu wamekaa vikao vitano, wamechapisha programu, halafu wewe unamtorosha mzee kama mbuzi wa wizi?"

"Baba mdogo, jicho linaisha."

"Limebakiza siku tisa tu? Wewe ni daktari? Ukimpeleka leo, Jumamosi hiyo sisi tunakwenda kufanya nini? Tumsindikize nani? Mtaa mzima utuone wajinga?"

"Kweli, Baba Mourine," Njoki akasema polepole, "watu watasema familia haitaki watu."

Majirani walikuwa wameanza kutoka milangoni. Nilisikia masikio yangu yanawaka. Mzee alisimama ameshika mkono wangu. Nilimngoja aseme. Kama angesema neno moja ningempita Nyongesa, hata kwa bega. Lakini mzee amezeeka akiwa mtu wa kutii vikao, na alikuwa anangoja mimi niseme.

Nina miaka arobaini na tisa. Nimewahi kupigana na mtu mwenye panga kwa sababu ya spana. Siku hiyo niligeuka, nikamrudisha baba yangu nyumbani, nikamfungua viatu.

"Ni siku tisa tu, Baba," nikasema.

"Haya," akasema.

Jumatano ya tarehe ishirini na tano nilimpelekea chai asubuhi. Saa mbili. Mlango nimeufungua wazi, jua limefika mpaka kitandani.

"Stima imepotea? Mbona taa haiwaki?" mzee akaniuliza.

Nilikaa kwenye kitanda kando yake. Akanyoosha mkono, akagusa jua kwenye blanketi, akasikia joto lake. Akaelewa mwenyewe.

Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Alhamisi ile nilikuwa bado naliona geti."

Tulikwenda kwa daktari, akawasha taa yake, akatikisa kichwa. Tukarudi. Nikamwendea Wathome nikamwambia basi, yameisha, hakuna haja. Wathome aliketi chini. Alishika kichwa chake, na nakubali kwamba alihuzunika kweli. Halafu akasema, "Lakini, Baba Mourine, programu zimeshachapishwa. Watu wameomba ruhusa kazini. Twende. Hata asipoona, atahisi."

Nikamwuliza mzee. Nilidhani atakataa.

"Twende," akasema. "Wewe utaniambia."

Jumamosi tukaenda, watu arobaini na mmoja, utepe wa kijani kifuani, rangi ambayo hakuna aliyeitaka na kwa hiyo haikumkosea mtu. Mlangoni nilijiandaa kwa yule askari. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Alikuwa mtu wa makamo kama mimi, na viatu vilivyoshonwa upande. Akamwona mzee, akavua kofia yake.

"Karibu, mzee wangu. Kuna ngazi moja hapo. Inua mguu," akasema, akashika mlango.

Hakuniuliza kitu. Wiki nne nilikuwa nimemwogopa mtu huyu.

Kui alikuwa ndani. Alikuja mbio akicheka, halafu akaona mkono wa mzee ulivyonishika bega, na jinsi uso wake ulivyoelekea dari. Akasimama.

"Uncle," akasema. "Si niliwaambia siku yoyote?"

Nikaangalia sakafu. Ilikuwa safi sana.

Tuliingia kumi na watano. Nyongesa alikuwa wa tatu. Chumba kilikuwa cheupe na kimya, na mama yangu alikuwa ukuta wa mbele, mkubwa kuliko mlango. Amekaa juu ya mtungi uliogeuzwa, mikono ya nguo imepandishwa, povu mpaka kiwiko, anakutazama. Sote tuliokuwa mbele tulisimama ghafla na walio nyuma wakatugonga. Njoki akaweka mkono mdomoni. Nyongesa, na kelele zake zote, alianza kulia kama mtoto. Alikuwa ni yeye. Kama angefungua mdomo na kututukana nisingeshangaa.

Nikamsogeza mzee mpaka akawa hatua mbili kutoka kwenye picha.

"Niambie," akasema.

"Amekaa, Baba. Juu ya mtungi."

"Uso."

"Amefunga kitambaa kichwani. Cha njano."

"Uso, Wafula."

"Uso una mikunjo. Macho yamekuwa mekundu kidogo, kama ya moshi. Amechoka. Anaonekana amechoka sana."

"Mdomo?"

"Umefungwa."

Mzee akatikisa kichwa. "Mdomo wa Naliaka haukufungwa hata alipolala. Tazama vizuri. Kona ya kushoto. Anataka kucheka au anataka kutukana?"

Nikatazama. Kulikuwa na kitu hapo kwenye kona ya mdomo, kweli, kitu kidogo ambacho Kui alikuwa amekiona na kukiweka. Nilikitazama mpaka macho yakaniuma. Mwanamke huyo alininyonyesha. Nilimzika. Na sikuweza kusema kama anataka kucheka au kutukana.

"Sijui, Baba."

"Hujui?"

"Sioni vizuri."

Hilo lilinitoka kabla sijalipima. Nyuma yetu mtu akakohoa. Kui akasogea, akafungua mdomo kunisaidia, lakini mzee alinyanyua mkono kumzuia. Alingoja kidogo, uso wake umeelekea kando ya picha, penye ukuta mtupu.

"Huyo unayeniambia ni mama yako," akasema. "Amezeeka, amechoka, ana mikunjo. Namjua. Mimi nilikuja kumwona Naliaka."

"Familia, tusogee, tafadhali," Naftaly akasema kwa upole kutoka mlangoni, programu mkononi. "Kushoto kwenda kulia. Kundi la pili liko nje kwa jua."

Picha iliyofuata ilikuwa ya nyumba za mabati na mbwa. Nikamshika baba yangu mkono, nikamsogeza mbele ya picha hiyo, maana watu walikuwa wanangoja.